Feki Haitoshi

Neno feki limeshinda. Dar es Salaam ni vyeti feki, Nairobi magazeti huandika vyeti ghushi lakini barabarani ni feki vilevile, na hapa Gatumba, mpakani mwa Burundi na Kongo, ambapo Kirundi, Kifaransa na Kiswahili cha Uvira hupigana vikumbo kutwa nzima, utasikia diplome ya feki, diplome ya fo, diplome si ya kweli. Sina ugomvi na maneno ya kukopa. Lugha hii imenenepa kwa kukopa, na feki limekaa mdomoni kama limezaliwa humo. Ugomvi wangu ni kwamba limefanywa la kila kazi. Aliyechapa cheti chake mwenyewe ni feki. Aliyeazima cheti cha binamu yake ni feki. Aliyejaza katika fomu ya chuo kwamba alikuwa nahodha wa timu ambayo haijawahi kuwapo ni feki, na aliyemlipa mtu amwandikie insha ya maombi naye ni feki. Makosa manne, jina moja. Jina likiwa moja, mwindaji naye huwinda mnyama mmoja, yule aliye rahisi kumwona, yaani karatasi.

Tuanze na karatasi hiyo. Cheti kilivuka bahari kutoka Bara Hindi, kwenye neno chitthi, kibarua cha kupelekeana habari. Kilipofika pwani, mwanzo wake ulifanana na kiambishi cha ngeli ya KI-VI, basi wingi ukawa vyeti, kama kitabu cha Waarabu kilivyozaa vitabu ilhali ki- yake ni sehemu ya mzizi. Naipenda asili hiyo kwa kuwa inakirudisha cheti kwenye kimo chake: kibarua kinachosema jambo kwa niaba ya mtu asiyekuwapo. Ukitaka kujua kama kibarua ni cha kweli, humkodolei macho mjumbe, unamuuliza aliyemtuma. Tanzania walipofanya uhakiki mkubwa wa watumishi wa umma, kazi haikuwa kunusa wino. Vyeti vililinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Rais John Magufuli alipokabidhiwa ripoti Dodoma, Aprili 2017, watumishi 9,932 walikuwa wamekutwa na vyeti vya kughushi.

Ngeli hiyohiyo ya KI-VI imewahi kumeza jina la mtu. Mwaka 1995 wapiga kura wa Temeke, Dar es Salaam, walimchagua mbunge aliyeitwa Kihiyo. Elimu yake ikatiliwa shaka, kesi ikafika mahakamani, akaachia kiti, na uchaguzi mdogo wa 1996 ukampa ubunge Augustine Mrema. Watani wa mjini hawakuishia hapo. Ki- ya jina ilikuwa tayari imesimama mahali pake, wakaunda wingi: vihiyo. Leo kijana asiyejua Temeke iko upande gani wa jiji humwita mwenzake kihiyo, akimaanisha mtu mtupu anayejifanya msomi. Kisarufi ni kazi safi mno. Kiutu inanisumbua. Ni jina la ukoo, na wapo watoto wanaoitwa hivyo darasani ambao hawajaghushi hata ruhusa ya kwenda haja. Liachwe vijiweni, huko linapendeza, lakini kwenye sheria na fomu lisikanyage.

Ghushi ndilo zito kuliko yote, na ndilo tunalolitumia kivivu. Ni la Kiarabu, na makao yake ya kwanza ni sokoni. Waislamu wanakijua kisa cha Mtume kutia mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta chini pamelowa ilhali juu pamekauka, akamkemea muuzaji kwa neno la mzizi huu huu. Litazame kosa lilivyo. Nafaka ilikuwa nafaka kweli. Kilichofichwa ni hali yake. Kwa hiyo kughushi hakukuanza na kuunda kitu kisichokuwapo. Kulianza na kuchanganya kizima na kibovu ili mnunuzi aone upande mmoja. Maziwa yaliyotiwa maji yameghushiwa, dhahabu iliyotiwa shaba imeghushiwa, na kwa mizani hiyo alama iliyosogezwa kutoka C hadi B imeghushiwa zaidi kuliko cheti kilichobuniwa chote.

Mswahili wa mtaani aliliona pengo hilo, akaleta chakachua. Neno lilivuma Tanzania kwenye vituo vya mafuta, pale petroli ilipochanganywa na mafuta ya taa, na kufikia uchaguzi wa 2010 kura nazo zilisemwa zimechakachuliwa. Lina mlio wa kitu kinachotikiswa ndani ya dumu. Ningelipa kazi rasmi: kuchakachua alama, yaani kuigusa rekodi ya kweli na kuiharibu ndani kwa ndani. Chuo Kikuu cha Makerere kilipowasimamisha wafanyakazi mwaka 2017 kwa tuhuma za kubadili alama za wanafunzi, suala halikuwa karatasi. Shahada zingetoka na muhuri wa kweli na sahihi ya kweli. Kilichodaiwa kuharibiwa kilikuwa chini ya muhuri.

Wakenya wamelifanya ghushi kuwa kivumishi kisichohitaji kiunganishi: vyeti ghushi, stakabadhi ghushi. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ya huko ilipotangaza kwamba kati ya watumishi wapatao 28,000 waliohakikiwa, 2,067 walikuwa na vyeti vya namna hiyo, wahariri walipata kichwa cha habari kifupi na kizuri. Nawaonea wivu. Ila stakabadhi kwa Mtanzania ni risiti. Msomaji wa Dodoma atadhani kuna watu wamebadilisha bidhaa dukani kwa ujanja.

Bandia linapwaya. Asili yake ni mwanasesere, na mtoto wa bandia hamdanganyi mtu. Meno ya bandia, mguu wa bandia: kila mmoja anajua, na hakuna anayeshtaki. Neno halina nia mbaya ndani yake, kwa hiyo cheti bandia ni tamko la upole kupita kiasi. Kwa mashine zinazoandika insha, akili bandia si jina baya, ingawa wengine wameshika akili mnemba na wengine akili unde. Mimi ni wa unde. Kitu kimeundwa, kisemwe hivyo. Hewa nalo, la watumishi hewa na wanafunzi hewa, ni la mtu asiyekuwapo kabisa. Mahali pake ni orodha za mishahara na za mikopo.

Shahada ni neno ambalo wengi tunalitamka bila kulisikia. Ni ushahidi. Chuo kinasimama mbele ya watu na kusema: huyu tumemwona, anajua. Stashahada na astashahada ni watoto wa mama huyohuyo, ushahidi wa kimo cha chini. Basi anayejitengenezea shahada amefanya kitu kikubwa kuliko kuchezea karatasi, amemsemea shahidi. Waarabu wana jina la ushahidi wa uongo, zuur, na kamusi zetu kongwe zililihifadhi kwa umbo la zuri: mtu aliapa zuri, alishuhudia zuri. Limekufa, na sababu yake inachekesha. Nani leo atasikia shahada ya zuri asidhani mwenye nayo anasifiwa? Siombi lifufuliwe. Naomba mzizi wake wa fikra ubaki, na kosa liitwe kumsemea shahidi, hasa mbele ya wale wanaodhani ni suala la wino na printa.

Jozi ninayoipenda kuliko zote ni halisi na halali. Wageni huzichanganya, na wenyeji pia. Halisi ni kisichochanganywa, halali ni kinachoruhusiwa. Cheti cha binamu yangu ni halisi: baraza lilikitoa, namba yake inaonekana kwenye rejista. Kikiwa mkononi mwangu si halali, na hakuna kipimo cha karatasi kitakachoonyesha hivyo. Katika ripoti ile ya 2017 lilikuwamo fungu la vyeti vilivyotumiwa na mtu zaidi ya mmoja, nalo likaitwa vyeti vyenye utata. Aliyechagua utata alikuwa na busara. Neno halimtii mtu hatiani kabla hajasikilizwa, maana kati ya wawili hao mmoja huenda ndiye mwenyewe. Utata ukishatatuliwa, hata hivyo, tunabaki bila jina la kosa. Napendekeza cheti cha kuazima. Suti ya harusi huitwa hivyohivyo, na haigombi na mtu.

Hapa mpakani utata si wa watu tu, ni wa istilahi. Kijana aliyemaliza sekondari Uvira anavuka mpaka wa Kavimvira akiwa na diplome ya Leta, na Leta, kwa msomaji wa mbali, ndiyo serikali, masalia ya Kifaransa yaliyozoeleka hadi yakapata uraia. Jirani yake wa Gatumba ana A2. Vyote viwili ni vyeti vya kumaliza sekondari. Wa kwanza akiomba chuo Dar es Salaam na kuandika Diploma, mdahili anasoma stashahada, ngazi ambayo mwombaji hajaikanyaga. Wa pili akiandika A2, mtu wa Nairobi anafikiri ni alama, na nzuri. Anakuja wa tatu mwenye lisansi, yaani shahada, ya Chuo Kikuu cha Burundi, na Mtanzania anasikia leseni, anajiuliza ni ya gari au ya duka. Hakuna aliyesema uongo, lakini fomu tatu zimesema uongo.

Majina nayo yana lao. Warundi wengi hawana jina la ukoo. Kila mtoto hupewa la kwake, na ndugu wa tumbo moja huitwa majina yasiyofanana hata kwa herufi. Ng'ambo ya mpaka, tangu siasa za uhalisi za Mobutu, Mkongomani ana jina na posti-nomu, yaani jina linalofuata jina. Fomu inataka jina la kwanza, la kati na la ukoo. Mtu anajaza kwa kubahatisha, mara hii baba katikati, mara nyingine babu mwishoni, na mashine ya uhakiki inaona watu wawili mahali palipo na mmoja.

Dawa ipo, na ina jina linalostahili heshima zaidi: ulinganifu wa vyeti, ule tunaouita ekivalansi. Mei 2017 viongozi wa Afrika Mashariki waliitangaza jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu, na tangu hapo neno hili lina kazi kubwa kuliko umaarufu wake. Ningelitenga hivi: ulinganifu ni matokeo, vitu viwili vimepimwa vikakutwa sawa, ulinganishaji ni kazi yenyewe, yenye foleni na dirisha. Ofisi nyingi hutoa ya pili na kuiita ya kwanza.

Kashe. Hili ni letu, la ukanda wa Kifaransa. Pwani wana muhuri, walioupata kwa Waajemi kupitia kwa Waarabu, na bara wana stampu. Kashe ni cachet, na Wafaransa waliitoa kwenye kitenzi cacher, kilichomaanisha kubana na kukandamiza kabla hakijawa kuficha. Sijui lugha nyingine iliyojisema vibaya kwa uzuri namna hii. Fotokopi inapigwa kashe ya kuthibitisha kwamba ni sawa na asili, na kuanzia hapo kila anayeipokea hutazama kashe, si asili. Napenda watu wa Gatumba waendelee kusema kashe kwa karatasi ya kawaida na waweke muhuri kwa ile iliyolinganishwa na chanzo chake. Tuna maneno mawili. Ni uvivu kuyafanya kazi moja.

Kando ya barabara iendayo mpakani kuna vibanda vya sekretaria. Ndani mna mashine ya fotokopi, kompyuta yenye kibodi ya Kifaransa ambapo A na Q zimebadilishana viti, na kitambaa cha kufunika printa vumbi la malori likizidi. Kijana ameleta jina lake na bulteni za shule kwenye bahasha ya kaki, anataka seve, yaani wasifu wake.

"Dada, nipigie seve ya kuomba iniversite."

"Lugha?"

"Kirundi, Kiswahili, Kifaransa."

"Na Kiingereza?"

"Kidogo tu."

"Tuweke bien. Wote wanaweka bien."

Ikawekwa. Kidogo kikawa vizuri kwa kugusa vitufe vinne, na nje ya kibanda hakuna aliyegeuka.

Tuite nini kitendo hicho? Si kughushi, hakuna karatasi iliyoguswa. Kudanganya ni pana mno, ni bahari. Kutia chumvi ni kwa msimuliaji wa barazani. Dada wa sekretaria mwenyewe alisema kuweka, na humo ndimo ujanja wa lugha ulimo, kwa sababu kinachowekwa huonekana kama kilikuwa kinasubiri mahali pa kukaa.

Kiswahili kina mtego hapa. Tunayoyadai kwa mwombaji tunayaita sifa: mwenye sifa aombe, asiye na sifa asijisumbue. Sifa na wasifu vimetoka tumbo moja la Kiarabu, la kueleza kitu kilivyo. Lakini kwetu sifa ni pia kule kusifu, na kusifu kunapojigeukia kunakuwa kujisifu. Tumemwagiza kijana aeleze sifa zake halafu tunashangaa anapojisifu. Ningependa matangazo ya vyuo yaache sifa na kutumia vigezo. Kigezo hakisifiki, unakifikia au hukifikii.

Kwa kosa la dada wa sekretaria neno lipo na halijaajiriwa: kukweza. Kukweza ni kupandisha. Kujikweza kila anayekwenda kanisani analijua, na analijua pamoja na mwenzake, kushushwa. Mwombaji aliyepandisha kidogo hadi vizuri, wiki mbili za kujitolea hadi miezi sita, uanachama hadi uenyekiti, amejikweza. Kitu kilikuwapo, kimo ndicho cha uongo. Istilahi hii ina faida ya kuja na adhabu yake: aliyejikweza ashushwe, apewe mtihani wa Kiingereza, basi. Si lazima afukuzwe.

Lakini yule aliyeandika kitu ambacho hakikuwapo kabisa anataka neno jingine, na hili ndilo ninalolipigia debe kuliko yote: kujizulia. Zua ni kutoboa, ni kuleta jipya, ni kubuni. Kumzulia mtu ni kumtungia jambo ambalo hakulifanya, na kwa kawaida ni baya. Nani angejizulia? Mwombaji wa chuo. Anajitungia jambo ambalo hakulifanya, na kwa kawaida ni jema. Kitenzi kimegeuzwa kichwa chini kwa kiambishi cha herufi mbili. Kashfa ya Marekani iliyofichuliwa Machi 2019, ya mshauri William Rick Singer na wazazi matajiri, ilikuwa na watoto waliozuliwa uanamichezo, wakipigwa picha kwenye vifaa vya michezo wasiyoicheza. Singer mwenyewe aliiita njia yake mlango wa pembeni. Sisi tuna mlango wa nyuma na dirisha. Wa pembeni tulikuwa hatuna, na sioni haja ya kuukopa.

Mtu hujizulia hata mikosi. Vyuo vya Marekani hupenda insha ya kijana aliyeshinda taabu, na mwaka 2018 gazeti la New York Times liliripoti kwamba shule ndogo ya Breaux Bridge, Louisiana, ilibadili rekodi za wanafunzi weusi na kuwatungia visa vya dhiki. Ninasoma habari hiyo nikiwa Gatumba, ambapo mwaka 2020 mto Rusizi ulitoka kitandani mwake ukaingia vyumbani mwa watu, na ambapo Agosti 2004 kambi ya wakimbizi ilishambuliwa usiku. Kijana wa hapa akiandika insha hiyo hana haja ya kuzua. Tatizo lake ni la upande wa pili: ataombwa uthibitisho, na mto haupigi kashe. Tunalo neno la dhiki ya uongo sasa. La dhiki ya kweli isiyo na karatasi, ningesema dhiki isiyo na shahidi, nikirudi kwenye shahada.

Chumba cha mtihani hakina njaa ya maneno. Wanafunzi wa Tanzania wana kuibia, kupiga chabo, kudesa. Kenya wana mwakenya, kikaratasi cha majibu kinachofichwa mkononi, kilichopewa jina la chama cha chinichini cha miaka ya 1980 ambacho karatasi zake zilisomwa kwa kujificha. Sijui istilahi nyingine ya shule iliyopitia mikononi mwa polisi wa siasa.

Anayemfanyia mwingine mtihani naye ana jina tayari, kutoka viwanjani: mamluki. Kwa Waarabu ni aliyemilikiwa, mtumwa. Akawa askari wa kununuliwa. Akawa, katika michezo ya shule zetu, mchezaji mwenye ndevu anayevaa jezi ya darasa la saba. Katika kashfa ya Singer alikuwapo mhitimu wa Harvard aliyelipwa kuwafanyia wengine mtihani au kuwasahihishia majibu. Mtahini mwenye Kiswahili angemwita mtahiniwa mamluki, na mchezo ungekuwa umeeleweka hadi Kigoma.

Neno hilo linaniuma ninapolipeleka Nairobi. Maelfu ya vijana wasomi wa Kenya wameishi kwa kuwaandikia kazi wanafunzi wa Marekani na Uingereza, na biashara hiyo huitwa uandishi wa kitaaluma, jina lililopigwa pasi vizuri mno. Filamu ya The Shadow Scholars ya 2024, iliyomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, iliwaita wasomi wa kivulini. Kivuli ni neno la huruma, mamluki ni la lawama, na kijana yuleyule anayastahili yote mawili kwa zamu. Mwaka 2022 Uingereza iliweka sheria dhidi ya wanaouza insha hizo katika vyuo vyake. Ningependa wakati wa kutafsiri sheria kama hiyo tumwite mwandishi kivuli, na lawama ya umamluki tumwekee aliyenunua. Ndiye aliyemmiliki mtu.

Sasa, watu hawa wote hukamatwa? Angalia vitenzi kwanza. Kukamatwa kunataka mkono wa mtu. Kunaswa kunataka mtego uliotegwa mapema. Kubainika hakutaki mtu wala mtego, jambo linajianika lenyewe; ndiyo maana wahariri wanalipenda, imebainika kwamba, na hakuna anayeuliza nani alibaini. Vyeti vya kughushi hukamatwa, kwa kuwa upo mkono: rejista ya baraza. Insha za kunakili hunaswa. Shirika la UCAS, linalopokea maombi ya vyuo vya Uingereza, liliwahi kupitisha maelezo ya waombaji kwenye programu ya kulinganisha maandishi, na watu 234 wakakutwa wote walitoboa nguo zao za kulalia kwa kemikali wakiwa na umri wa miaka minane, kisa kimoja kilichonakiliwa kutoka sampuli moja. Lakini kujikweza na kujizulia, mtu akitunga mwenyewe na asinakili, hubainika tu, yaani hubainika kwa bahati, rafiki akikasirika au mchumba akiachwa. Wanaosema siku za mwizi ni arobaini hawakuwahi kukutana na mtumishi aliyekaa kazini hadi mvi kwa cheti cha kuazima.

Kitenzi cha nne ndicho kitamu. Kuumbuka. Umba ni kutengeneza kiumbe, umbua ni kukiharibia umbo, na kuumbuka ni kuondokewa na umbo mbele za watu. Mwombaji aliyejizulia alikuwa amejiumba. Kinachompata siku ya siku si kukamatwa, ni kuumbuka, na lugha ilikuwa imeyaweka maneno haya mawili katika mzizi mmoja karne nyingi kabla hapajawa na fomu.

Wanaopaswa kuwaumbua tumewapa majina mazuri ambayo hawayatumii. Kudahili kuna maana kongwe ya kumuuliza mtu maswali, kumhoji. Siku hizi mdahili hupokea faili na kubofya. Na uhakiki ni neno ambalo lina kazi mbili katika Kiswahili: kuthibitisha vyeti, na kuchambua fasihi. Siioni kuwa ajali. Barua ya maombi ni fasihi, ina msimulizi, ina shujaa, ina dhiki na ushindi ukurasa wa pili, na wa kuisoma ni mtu aliyezoea kuuliza msimulizi huyu anajuaje anayoyasema. Vyuo vimeajiri wahakiki wa aina ya kwanza. Walimu wa fasihi wapo bila kazi.

Limebaki neno moja la Tanzania. Mwaka 2022 serikali ilikubali kuwarudishia walioondolewa kwa vyeti vya kughushi fedha walizokuwa wamekatwa kwa ajili ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Tangazo lilikuwa makini: walirudishiwa michango, hawakulipwa mafao. Mchango ni ulichotoa wewe, fao ni kilichokufaa kwa sababu ya utumishi wako. Kwa kuchagua la kwanza serikali ilisema utumishi haukuwapo. Lakini mwalimu aliyesimama darasani miaka ishirini kwa cheti kisicho chake alifanya kitu fulani mle ndani, na kitu hicho hatujakipa jina. Nimejaribu huduma hewa, nikaifuta. Wanafunzi wake wanajua kusoma.